Ndizi, Kahawa na Tanzu: Nani Huainisha Fasihi ya Kilimanjaro?

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote wa fasihi aliyemaliza mwaka wa kwanza anaweza kuamshwa usiku wa manane akaulizwa tanzu za fasihi simulizi, naye akazitaja bila kupepesa macho: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi, ngomezi. Akiulizwa vipera vyake ataendelea mpaka kukuche. Lakini mwulize kwa nini tanzu hizo ni sita na si nne au kumi, ni nani aliyeuhitaji mgawanyo huo na kwa kazi gani, hapo usingizi utamrudia ghafla. Swali hilo huwa haliulizwi kwenye mtihani, na kisichoulizwa kwenye mtihani sote tunajua huishia wapi.

Makala haya yanashughulikia swali hilo. Hoja yangu ni kwamba uainishaji wowote wa maarifa ni jibu la swali la mtu fulani aliyekuwa na kazi fulani mkononi. Kazi ikibadilika, mafungu nayo hubadilika. Kwa hiyo mhakiki hana budi kuusoma uainishaji kama anavyosoma matini nyingine yoyote: nani anasema, anamwambia nani, anataka nini, na nini kimeachwa nje ya mlango. Tusipofanya hivyo tutakuwa makarani wa fasihi, wa kupanga faili tu.

Mifano yangu itatoka Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Ndiko ninakokufahamu vizuri zaidi, na tena ni mahali ambapo maneno ya wazee yamekusanywa na kupangwa mara nyingi, na watu wa aina mbalimbali, tangu enzi za Wajerumani. Vitabu vipo, tarehe zipo. Tunaweza kubishana tukiwa na ushahidi mezani.

Kihamba kimoja, vipimo viwili

Tuanze na kitu kinachoshikika. Katika kihamba cha Mchaga migomba na mibuni huota pamoja, mbuni chini ya kivuli cha mgomba. Udongo ni mmoja, maji ya mfongo ni yale yale, jembe ni lile lile. Lakini mazao haya mawili yameainishwa kwa njia zilizo mbali kabisa.

Nenda soko la Mbuyuni, mjini Moshi, useme unataka ndizi. Mama muuzaji atakuuliza: za nini? Kama ni za mtori atakuonyesha mshare. Kama ni za kula zimeiva atakupa kisukari. Kama unapika mbege, hayo ni mazungumzo mengine, maana hapo lazima mzungumzie na ulezi. Majina ya ndizi yako mengi, na kila jina limebeba ujuzi wa sufuria, wa pipa la pombe na wa mdomo. Anayeziainisha ndiye anayezila.

Mtu atasema huo ni ujuzi wa sokoni, sayansi ina mpango wake. Haya, tuutazame mpango huo. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi aliipa ndizi jina Musa paradisiaca, na mwaka 1759 akaongeza Musa sapientum. La kwanza lilikuwa la ndizi za kupika, la pili la ndizi tamu za kula zikiiva. Kumbe baba wa uainishaji wa kisayansi naye alisimama karibu sana na yule mama wa Mbuyuni! Mgawanyo huo baadaye ulionekana haufai. Mwaka 1955 Simmonds na Shepherd walipendekeza mpango mwingine, wakieleza kwamba ndizi nyingi tunazokula zimetokana na mimea miwili ya porini, Musa acuminata na Musa balbisiana. Tangu hapo ndizi hupangwa kwa herufi A na B kulingana na nasaba yake. Kwa mpango huo mshare ni AA. Mpikaji wa mtori hana haja na herufi hizo. Lakini mtafiti anayetaka kuzalisha mgomba utakaostahimili ugonjwa hawezi kufanya kazi bila hizo. Hakuna aliyekosea hapo. Wana kazi tofauti, kwa hiyo wana mafungu tofauti.

Sasa tuje kwenye kahawa. Wamisionari Wakatoliki waliileta Kilema mwaka 1898. Ikishakobolewa hupangwa kwa madaraja: AA, A, B, PB na mengine. Herufi hizi hupima hasa ukubwa wa punje. PB ni ile punje moja ya mviringo iliyokaa peke yake ndani ya tunda ambalo kwa kawaida lina punje mbili. Hakuna hata herufi moja iliyotoka jikoni kwa Mchaga, maana jikoni kwa Mchaga kahawa haikuwa chakula. Madaraja haya yametokana na haja ya mnunuzi wa mbali, ambaye hataiona shamba wala mkulima na anataka kujua analipia nini. Tena huko Japani neno "Kilimanjaro" limekuwa jina la biashara la kahawa ya arabika ya Tanzania kwa jumla, hata ile iliyolimwa Mbinga au Mbozi, mamia ya kilomita kutoka mlimani. Jina la mlima limegeuzwa jina la fungu.

Silalamiki. Bila madaraja hayo kahawa isingeuzwa, na ada za shule za watoto wengi wa Kilimanjaro zisingelipwa. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: katika kihamba hicho kimoja, zao moja limepewa majina na anayelila, na la pili limepewa madaraja na anayelinunua. Swali langu kwa wahakiki wenzangu ni hili: fasihi simulizi ya Kilimanjaro tumeiainisha kama ndizi, au kama kahawa?

Visanduku vya Bruno Gutmann

Mtu aliyekusanya maneno mengi kupita wote mlimani alikuwa Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902, akafanya kazi hasa Old Moshi, akaondoka kabisa mwaka 1938. Hebu tuvitazame vitabu vyake vinne kwa majina tu, kwa sababu majina yenyewe ni uainishaji.

Mwaka 1909 alitoa kitabu chenye jina la Dichten und Denken, yaani utunzi na fikra za Wachaga. Mwaka 1914 alitoa Volksbuch der Wadschagga, kitabu cha masimulizi ya umma. Mwaka 1926 ikaja Das Recht der Dschagga, sheria za Wachaga. Kati ya 1932 na 1938 yakatoka majuzuu matatu ya Die Stammeslehren der Dschagga, yaani mafundisho ya kabila waliyopewa vijana jandoni. Utunzi, masimulizi, sheria, mafundisho. Mlima ni ule ule na wasemaji ni wa jamii ile ile, lakini maneno yao yameingia katika visanduku vinne.

Kile kitabu cha 1914 kina jambo la ziada. Jina lake dogo linaorodhesha aina nne za hadithi: Sagen, Märchen, Fabeln, Schwänke. Kwa Kiswahili tungesema visakale, hadithi za maajabu, hekaya za wanyama na vichekesho. Msomaji wa historia ya fasihi atatambua mara moja ukoo wa maneno haya. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha mkusanyo wao wa Märchen kuanzia mwaka 1812 na ule wa Sagen kuanzia mwaka 1816. Kwa hiyo visanduku vya Gutmann vilikuwa vimeshachongwa Ujerumani karibu miaka mia moja kabla hajatia hadithi ya Mchaga ndani yake. Alifika navyo.

Je, hilo ni kosa? Gutmann alikuwa na wasomaji wake, nao walikuwa Wajerumani. Alitaka waone kwamba watu wa Kilimanjaro wana hadithi kama wao, wana sheria kama wao. Visanduku vyao wenyewe viliwasaidia kuelewa. Hiyo ilikuwa kazi ya uainishaji ule, na aliifanya kwa bidii ambayo wengi wetu hatuna.

Lakini tuangalie matokeo. Kilichoitwa sheria kilichukuliwa na wanasheria na wanaanthropolojia, na Sally Falk Moore aliendelea na hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila za Kilimanjaro. Malezi nayo yakapata kitabu chake, kwani mwaka 1940 Otto Raum aliandika juu ya utoto wa Kichaga kama suala la elimu. Sisi watu wa idara ya fasihi tukabakiwa na nini? Tukabakiwa na kile kisanduku cha hadithi. Majuzuu matatu ya mafundisho ya jando, yenye lugha ya mafumbo ambayo mhakiki yeyote angeitamani, hatuyahesabu katika orodha zetu za usomaji. Kwa nini? Kwa sababu mgongoni mwa kitabu pameandikwa "mafundisho", siyo "fasihi".

Mregho na kitabu cha Mangi

Jandoni walimu wa Kichaga walitumia fimbo iliyochongwa chale, iitwayo mregho. Kila alama ilisimamia sehemu ya mafundisho. Mwalimu aliishika, akaenda alama kwa alama, akifundisha juu ya mwili wa binadamu na maisha yake. Gutmann mwenyewe aliiandikia makala mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Naomba tuitafakari fimbo hiyo kwa makini, maana mara nyingi hutajwa kama kifaa cha kusaidia kumbukumbu basi. Mregho ni uainishaji. Una vipengele, una mpangilio, una mipaka kati ya kipengele na kipengele. Tofauti yake na jedwali letu la tanzu ni swali linaloulizwa. Jedwali letu huuliza: maneno haya yana umbo gani? Mregho huuliza: kijana huyu anapaswa kujua nini kwanza, na nini baadaye? Wimbo, fumbo, onyo na maelezo vinaweza kukaa chini ya chale moja, kwa sababu vyote vinafundisha jambo lile lile. Kwa mwenye fimbo, kuvitenganisha ili nyimbo zikae na nyimbo na mafumbo yakae na mafumbo kungekuwa kuharibu somo.

Mfano wa pili uko katika Kiswahili chetu wenyewe. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alichapisha Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, kitabu kilichotolewa tena na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Soma jina hilo taratibu. Mwandishi huyu, mtu wa ukoo wa kimangi, aliandika juu ya mila za watu wake, na jina alilochagua halisemi sheria, halisemi dini, halisemi hadithi. Linasema maisha, kisha linaongeza ahera. Kitu kinachopangwa hapo ni mtu na safari yake, na safari hiyo haiishii kaburini. Kwa mpango wa namna hiyo, maneno hupata nafasi yake kulingana na hatua ya maisha yanaposemwa.

Basi mlimani kulikuwa na mipango ya maarifa kabla ya jedwali letu, na ilikuwa na mantiki yake. Hata hivyo nisingependa tuiabudu. Mregho ulikuwa na wake na wasio wake: elimu ya jando haikuwa ya kila sikio, na umri na jinsia viliamua nani asikie nini. Tena hata neno "Mchaga" ni fungu lililokua. Karne ya 19 watu walijitambulisha zaidi kwa uchifu wao, kama Machame, Kibosho au Marangu, na lugha zao zinatofautiana kiasi kwamba mwaka 1979 Derek Nurse aliandika kitabu kizima kuainisha lahaja za Kichaga. Cheo cha Mangi Mkuu wa Wachaga wote alikipata Thomas Marealle mwaka 1952. Anayesema "uainishaji wa Wachaga wenyewe" aulizwe kwanza: Wachaga gani, wa rika gani, wanaume au wanawake?

Rafu za maktaba

Tutoke kihambani twende maktaba. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Kila somo lina namba. Fasihi imo katika mia nane. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima, Kijerumani 830 nzima, Kifaransa 840 nzima. Lugha za Afrika, kwa mamia yake, zimebanana ndani ya 896. Fasihi ya Kiswahili utaikuta 896.392, baada ya nukta. Ngano ziko mbali, 398, katika sayansi za jamii, jirani na mila na desturi.

Tafsiri yake ni nini? Mtu wa Kilimanjaro akiandika riwaya ataingia mia nane, kwenye fasihi. Bibi yake akisimulia hadithi, ikarekodiwa na kuchapwa, itakwenda mia tatu, kwenye mila. Mafundisho ya jando yanaweza kuangukia mila au elimu, na maneno ya tambiko yatapelekwa 299.6, dini zenye asili ya Afrika, mwishoni kabisa mwa mia mbili. Mwanafunzi anayetembea kwenye rafu ya fasihi akitafuta Kilimanjaro atatoka mikono mitupu, aamini kwamba mlima hauna fasihi. Wala hakuna aliyemdanganya. Rafu ndizo zilizosema.

Mkutubi naye ana kazi yake. Kitabu ni kitu, lazima kikae mahali pamoja. Lakini mkutubi mwema ana dawa ya tatizo hilo: katika kadi huandika "tazama pia". Maneno hayo mawili ni hekima kubwa. Yanakiri kwamba kitu kimoja kina haki ya kuwa mahali pengi. Sisi katika majedwali yetu ya tanzu hatuna "tazama pia".

Tanzu sita na kazi yake

Sasa turudi darasani. Mwaka 1989 M.M. Mulokozi alichapisha katika jarida la Mulika la TUKI makala juu ya tanzu za fasihi simulizi. Humo ndimo zilimotoka zile sita. Alitumia vigezo viwili vikuu: umbile na tabia ya kazi yenyewe, na muktadha wa uwasilishaji wake. Angalieni hicho kigezo cha pili. Mulokozi mwenyewe hakusema umbo peke yake linatosha. Sisi wanafunzi ndio tuliochukua orodha tukaacha vigezo.

Na alikuwa anajibu swali gani? Ili kulielewa inabidi tukumbuke hali ya wakati ule. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama utendi upo kweli Afrika kusini mwa Sahara. Wataalamu wengi wa Kiafrika walipinga, na Mulokozi alikuwa mmojawapo, kwa ushahidi wa tendi za enanga za Wahaya, ambazo ndizo alizoandikia tasnifu yake ya mwaka 1986. Ukiusoma mgawanyo wa 1989 ukiwa na hilo akilini, utaona una kazi mbili. Unatengeneza istilahi za Kiswahili za kufundishia, na unadai kiti cha fasihi simulizi katika meza ya fasihi ya dunia. Ngomezi, sanaa ya ngoma inayosema, imepewa utanzu mzima. Hilo ni tamko. Linasema: fasihi yetu ina vitu ambavyo majedwali yenu hayakuwa na nafasi navyo.

Kwa hiyo nauheshimu mgawanyo huo, na makala haya hayaupigi vita. Ulikuwa jibu zuri la swali lake. Ninachopinga ni tabia yetu ya kuuchukua kama umbile la dunia, kana kwamba hadithi huzaliwa ikiwa na chapa ya utanzu kwenye paji la uso.

Isale ni utanzu gani?

Likizo moja nilikuwa nakusanya fasihi simulizi huko Vunjo kwa ajili ya kazi ya darasa. Nilimwomba bibi mmoja anipe methali za Kichaga. Akanitazama kwa mshangao. "Mjukuu wangu, nikupe methali ya bure? Kwani nani kagombana na nani?" Jibu hilo lina nadharia nzima ndani yake. Kwake methali haikai ghalani ikisubiri kuhesabiwa. Huitwa na tukio.

Na tukio likaja. Jirani alikuwa amefungulia maji ya mfongo siku isiyo zamu yake, na migomba ya mwenzake ikakosa maji. Watu wakanuniana. Jioni moja aliyekosa alikuja na mzee wa kumsemea, ameshika jani la isale. Wenyeji wa Kilimanjaro wanajua maana yake: isale ni kuomba radhi, na kulikataa ni jambo zito. Yule mzee akaanza kusema. Akataja mababu waliochimba mfongo ule. Akatupa methali. Akaonya kwa maneno yenye harufu ya laana juu ya anayelala na kinyongo. Kisha akamtania mwenye nyumba mpaka watu wakacheka, na jani likapokelewa.

Nikaanza kupanga kwa jedwali. Mababu na mfongo: masimulizi, kipera cha kisakale. Methali: semi. Maonyo: huenda maapizo. Utani: mazungumzo. Vipande vinne, kila kimoja na kisanduku chake. Lakini ukivisoma vikiwa peke yake, utani hauchekeshi, kisakale hakina kichwa wala miguu, na methali haisemi lolote. Kilichoviunganisha ni lile jani, na jani halina utanzu. Wenzangu niliowasimulia walinijibu: "Hiyo siyo fasihi, huo ni usuluhishi." Nadhani Gutmann angesema ni sheria. Mwenye mregho angeuliza tu kama vijana waliokuwapo wamejifunza.

Isale lenyewe linaweza kutufundisha. Ni mmea wa jenasi ya Dracaena, lakini mlimani pia ni alama ya mpaka wa kihamba, na ni neno la msamaha. Ni mimea, ni ardhi, ni lugha. Hata wanabotania hawajatulia nalo: Dracaena iliwahi kuhesabiwa kuwa na familia yake yenyewe, na katika mpango uliotolewa mwaka 2009 imewekwa ndani ya Asparagaceae. Walibadilisha waziwazi, wakaandika mwaka na sababu, na hakuna aliyeona aibu. Sisi jedwali la 1989 tunalikariri kama sala.

Hofu yangu ni ya vitendo. Fomu ya kukusanyia ikiwa na nafasi ya methali, vitendawili na ngano, tutaleta methali, vitendawili na ngano. Usemaji kama wa yule mzee, ambao kwa maoni yangu ndio kilele cha sanaa ya maneno mlimani, utapita mbele yetu bila kurekodiwa kwa kuwa hauna nafasi katika fomu. Na wazee wenyewe hawatungoji. Wajukuu wengi wa mjini Moshi wanaongea Kiswahili tangu utotoni, na lugha ya kuombea radhi kwa isale wanaisikia nusu nusu. Baada ya miaka ishirini fomu zetu zitasomwa na watu watakaodhani tulirekodi kila kilichokuwapo.

Pingamizi na pendekezo

Mhadhiri anaweza kunipinga hivi: "Kijana, bila tanzu za pamoja tutalinganishaje Kilimanjaro na Bukoba, au Bukoba na Pemba? Kila kijiji kikiwa na mafungu yake, taaluma itakufa." Pingamizi hili lina nguvu. Ndiyo sababu kahawa ina madaraja: mtu wa Tokyo na mtu wa Marangu wapate neno la kukutania. Mwaka 1969 Dan Ben-Amos aliliweka vizuri suala hili alipotofautisha mafungu ya mchambuzi, yanayotumika kulinganisha, na tanzu za wenyeji, ambazo ni sehemu ya utamaduni wao. Kosa ni kudhani la kwanza linaweza kusimama mahali pa la pili.

Jibu langu basi ni kwamba tunahitaji vyote viwili, kwa mpangilio. Napendekeza kadi ya kukusanyia iwe na mistari mitano. Wa kwanza, jina ambalo wasemaji wenyewe wanalipa jambo hilo, kwa lugha yao, na kama hawana jina, hilo nalo liandikwe. Wa pili, tukio lililoleta maneno hayo. Wa tatu, nani ana ruhusa ya kusema na nani ana ruhusa ya kusikia. Wa nne, utanzu kwa mpango wa Mulokozi au mwingine, na mpango huo utajwe kwa jina na mwaka. Wa tano, "tazama pia". Kwa kadi kama hii maneno ya yule mzee yatabaki mazima, na bado mtafiti wa methali ataweza kuipata methali yake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba uainishaji ni chombo, na kila chombo kina mwenyewe. Mama wa Mbuyuni, Linnaeus, mnunuzi wa kahawa, Gutmann, mwenye mregho, Dewey na Mulokozi, kila mmoja alipanga ili afanye kazi yake, na kila mpango uliangaza upande mmoja ukatia giza upande mwingine. Mhakiki hawezi kukaa bila mafungu. Anachoweza ni kujua ameazima ya nani.

Kwa walimu wetu nina ombi moja dogo. Semina ya kwanza ya fasihi simulizi isianze na orodha ya tanzu. Ianze na tukio moja zima lililorekodiwa, liwe la isale, la mahari au la msiba, wanafunzi waachwe walipange wenyewe, wagombane. Orodha ije wiki ya pili. Naamini wataipokea kama jibu, kwa sababu watakuwa na swali tayari. Wasioafiki waandike toleo lijalo, tuendelee kubishana.